Mwanamke wa Kwenye Kopo la Biskuti

Bati likikaa majini wiki nzima linatoa harufu yake. Si kutu tupu. Ni kama damu ya kuku iliyokauka juu ya jiwe, na ndani yake kuna utamu kidogo, kama biskuti iliyosahauliwa na watu. Harufu hiyo naijua tangu nikiwa na meno ya utoto. Mwaka huu maji ya mto Lumemo yalipoingia nyumbani kwangu, yakakaa yalivyotaka na kutoka yalipotaka, niliinama uvunguni mwa kitanda nikaisikia harufu kabla sijaliona kopo lenyewe. Nikajua limekwisha.

Naandika mwenyewe, kwa penseli. Shule niliishia darasa la pili, la tatu nililisikilizia dirishani nikiwa na mzigo wa kuni kichwani, kwa hiyo herufi ikianguka msinicheke. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliolelewa juu ya madungu kama mimi. Vijana wana simu zao, hawahitaji maneno ya bibi kizee.

Mnakumbuka madungu. Masika ikianza tulikuwa tunafunga nyumba ya mjini, tunahamia shambani na kuku na vyungu, ng'ambo ya mto. Baba anachimbia nguzo, anajenga kibanda juu, urefu wa mtu na nusu, na ngazi ya miti. Chini maji, juu sisi. Kutwa nzima kazi yetu watoto ni kupiga kelele na kurusha kombeo, ndege wasimalize mpunga. Usiku ni nguruwe pori na viboko, hiyo ilikuwa kazi ya baba. Siku hizi kule kuna ng'ombe wa jirani zetu Wasukuma, na matrekta, na vijana wanalala mjini wanakwenda shamba kwa pikipiki. Sisemi ni vibaya. Nasema tu mtoto wa leo hajui kulala akisikia maji yanapita chini ya mgongo wake.

Sasa kopo. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpishi wa Bwana Shauri kule Mahenge. Waingereza walipofunga virago wakaondoka, yule bwana aligawa vitu. Dereva alipata koti, mtunza bustani akapata mbwa, ambaye alimng'ata wiki hiyohiyo, na mjomba akapata kopo la biskuti. Biskuti zilikuwa zimeshaliwa. Mjomba alikasirika sana. Alisema miaka yote amewapikia, wanamwachia harufu. Akampa mama, akahamia Mlimba, na huko ndiko alikofia, akiwa bado na kinyongo.

Lakini mimi niliona mjomba hajui alichoacha. Kopo lilikuwa na pande nne na mfuniko, na kila mahali picha, za rangi, zenye dhahabu pembeni. Mama alitia humo sindano, uzi, shanga na medali ya Bikira Maria. Mimi nilipewa ruhusa ya kulishika nikiwa nimenawa mikono. Hakuna aliyetuambia picha zile ni za nani. Mjomba mwenyewe alipoulizwa alisema, "Ni kwao huko. Wakubwa wa kwao." Basi hayo mengine niliyasoma mwenyewe, kwa macho niliyokuwa nayo.

Kwenye mfuniko kulikuwa na jumba la mawe, refu, lenye maji pande zote. Nikaelewa mara moja. Na wao wanalima mpunga. Mafuriko yamekuja, mfalme wao amejenga dungu la mawe kwa kuwa ana uwezo, na vile vitundu vyembamba ukutani ni vya kurushia kombeo. Upande wa kwanza kulikuwa na daraja lililokatika katikati, vipande viwili vimesimama juu kama mikono ya mtu anayeomba. Nikawahurumia. Letu nalo lilikuwa limekatika mwaka huohuo. Upande wa pili kulikuwa na mzee mwenye kipara, shingoni amevaa kitu kama sahani nyeupe, mkononi ameshika unyoya mmoja. Huyo nilisema ni mpishi kama mjomba, ametoka kunyonyoa kuku. Upande wa tatu, mtu mnene sana, ndevu nyekundu, amesimama ametanua miguu. Shangazi Kolastika, dada yake baba, alipomwona alisema, "Huyu ana mabusha, maskini. Mtu mzima hasimami hivyo bila sababu." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Na upande wa nne ndiyo picha yangu. Mwanamke amekaa kwenye mashua. Gauni lake limejaa mbele. Uso mweupe kama karatasi, ameinamisha kichwa, mkono mmoja kifuani. Mashua inaingia kwenye mlango mkubwa wa mawe, mlango unaoanzia majini, wenye komeo za chuma zilizoinuliwa juu. Wanaume wamesimama na mikuki mirefu. Watu kwenye ngazi wameinama. Na pembeni, nyuma kidogo, mtu mmoja ana shoka.

Nilimtazama mwanamke yule siku nyingi. Mwaka huo mama alikuwa na mimba. Kabla yake zilikuwa zimeharibika mbili, na upande wa baba walishaanza kusema pembeni kwamba binti mmoja si ukoo. Baba hakusema. Baba alikuwa mtu wa kunyamaza, hata njaa hakuisema, aliangalia chungu tu. Mimba ikawa kubwa, mpunga ukawa unachanua, maji yakapanda mpaka ngazi ikabaki vipago vitatu. Kisha miguu ya mama ikaanza kuvimba. Ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo. Kichwa kikawa kinamuuma, akawa anasema anaona vimulimuli mchana. Asubuhi moja niliona damu kwenye mkeka.

Mzee Matei alikuwa mvuvi, ndiye peke yake upande ule mwenye mtumbwi wa kufika Ifakara kwa maji yale. Alikuja, akaufunga kwenye nguzo, akapanda akakaa mlangoni akiwa ameshika kofia.

"Kijana," akamwambia baba, "mimi nimeleta mtumbwi. Kuna hospitali ya misheni, kuna masista. Tukiondoka sasa, jua likiwa utosini tumefika."

Baba akamwangalia mama.

"Siendi," mama akasema.

Shangazi Kolastika alikuwa anamkanda miguu. "Wifi, jitazame. Hii ni miguu ya kiboko. Unangoja nini, tukufunge kamba?"

"Dada yangu Emilia mlimpeleka mkiimba," mama akasema. "Mkamrudisha mkiimba. Wimbo ulikuwa mwingine."

Mzee Matei akageuza kofia upande wa pili.

"Nikifa," mama akasema, na hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayepanga chakula cha jioni, "nifie hapa, nikimsikia Yustina anafukuza ndege. Basi. Wifi, kanda huku juu."

Yustina ni mimi.

Wakashuka wote watatu, wakasimama kwenye mtumbwi wakinong'ona. Nilimsikia shangazi anasema hatafika kesho. Nilimsikia baba, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia sauti ile, anasema, "Nifanyeje, nimpige?" Mimi nilikuwa na miaka, sijui, nane labda, tisa. Nilinawa mikono kwenye ndoo, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa, nikachukua kopo, nikaenda kukaa karibu na kichwa cha mama.

"Mama, tazama huyu."

"Nimemwona mara ngapi huyo."

"Naye anapelekwa hospitali."

Akageuza macho. "Nani kasema?"

"Si hii mashua. Ana mimba, ona gauni. Anaogopa, ameinama. Na hawa wana mikuki ya viboko, kama ya baba. Huu ndio mlango wa hospitali yao."

Mama akalishika kopo. Mikono yake ilikuwa imevimba, pete ya ndoa imezama. Akalisogeza kwenye mwanga. "Na hawa mbona wameinama?"

"Wanamwamkia. Wanamwambia shikamoo."

Akacheka kidogo, pua tu. "Kubwa, huo mlango."

"Ni mkubwa."

"Na huyu wa shoka? Hospitalini shoka la nini?"

Hapo, wenzangu, ndipo. Nimerudi hapo kwenye ule mkeka mara nyingi kuliko nilivyorudi mahali popote duniani. Mnajua kwetu mzazi akijifungua kitu cha kwanza ni maji ya moto. Bila maji ya moto ya kumkanda, mzazi hajalelewa, watu wa kwake wanaweza kuja kumchukua kwa aibu. Na mama alishasema, zaidi ya mara moja, hospitali gani hiyo, watakukanda na nini, watu wako wako ng'ambo ya maji. Mimi jibu nilikuwa nalo siku nyingi.

"Huyo ni mkata kuni," nikamwambia. "Za kuchemshia maji yake. Ameshazikata, anamngoja tu."

Mama akapitisha kidole juu ya mashua. Chini shangazi alikuwa anapenga kamasi.

"Na alipona?"

"Alipona."

"Umejuaje, wewe?"

"Asingepona wasingemchora kwenye kopo la biskuti."

Nilisema hivyo. Sikuwa nasema uongo. Mtoto akisema uongo anajua, tumbo linamwambia. Mimi nilikuwa najua kama ninavyojua kwamba mchele unatoka kwenye mpunga. Nani atamchora mtu aliyekufa kwenye kitu cha kutilia biskuti?

Mama akanitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti, ili wa chini wasikie, "Mzee Matei, mtumbwi wako unavuja?"

"Hauvuji, mama."

"Haya. Nipelekeni nikaonane na mwenzangu."

Wakamshusha kwa shuka. Shangazi alipata nafasi, mimi sikupata. Baba alichukua mkuki wa viboko akasimama mbele, Mzee Matei nyuma na upondo, na mama katikati amekaa, gauni lake la kitenge limejaa mbele, ameinamisha kichwa kwa sababu ya maumivu, na mkono mmoja kifuani, kwa kuwa mkono huo ndio ulioshika kopo. Nilimpa mimi. Nilimwambia awaonyeshe mlangoni, wajue amekuja kwa mambo yaleyale. Walipoingia kwenye mpunga niliona jinsi walivyofanana na picha, nikafurahi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilirukaruka juu ya dungu, mke wa jirani aliyeachiwa kunitazama akanikaripia nisivunje sakafu. Nikaanza kufukuza ndege kwa sauti yangu yote, ili mama anisikie mpaka mbali.

Siku ya tano baba alirudi na Mzee Matei. Shangazi alibaki mjini kwa ajili ya kilio. Niliuona mtumbwi kabla ya wote na nikahesabu vichwa. Viwili. Nikasema amelala, kwa hiyo hakionekani kichwa chake. Nikasema mtoto naye ni mdogo, haonekani. Mtumbwi ukafika kwenye nguzo, ndani yake kulikuwa na mkuki, na kopo.

Baba alipanda, akakaa, akaniwekea kopo mapajani.

"Mama yako kasema nikurudishie," akasema. "Kasema nikwambie mlango ni mkubwa kweli."

Kisha akaingia ndani, akalala kifudifudi kwenye mkeka uleule.

Mama alikufa siku ya pili baada ya kufika hospitali. Degedege ilimpata, na mtoto, wa kiume, hakulia. Masista walifanya walichoweza, shangazi alisema hivyo mpaka anakufa, kwamba walimhangaikia kama ndugu yao, kwamba tulichelewa sisi. Wote waliniambia angekufa vilevile. Labda. Lakini angefia aliposema, akinisikia, na angezikwa kwenye tuta letu la shamba ambako Emilia amelala. Maji yalikuwa mengi, mtumbwi usingeweza kumrudisha. Wakamzika hukohuko, msalaba wa mti. Mvua tatu, mchwa wakala msalaba. Nilipokuwa mkubwa wa kwenda mwenyewe nilitembea makaburini na shangazi, yeye akisema ni huyu, hapana, ni yule, mpaka akakaa chini akalia, nikamwambia tuondoke.

Sasa mtaniuliza, uliishije. Niliishi na kopo. Mama alikuwa amekufa, lakini mwanamke wa kopo alipona, na nilijiambia kwamba nilimwambia mama kweli, isipokuwa kwake haikutimia. Siku alizochelewa mama, mwenzake aliwahi. Ndivyo nilivyojipangia. Na nikaendelea hivyo uzeeni. Hapa mtaani mwanamke akiogopa hospitali waliniita mimi, nikaja na kopo langu, nikaanza: tazama huyu, mashua, mlango, mkata kuni. Mama Kabula, jirani yangu, aliyekuja na mumewe na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, nilimpeleka hivyohivyo huku analia, akarudi na binti mnene. Mpaka leo akiniona ananiambia, "Shikamoo, bibi wa kopo." Picha nyingine zilifutika kwa kushikwashikwa. Ile ya mwanamke niliitunza, nilipaka mafuta ya nazi kila Jumamosi.

Ndipo mafuriko ya mwaka huu. Nililitoa uvunguni, nikalifuta kwa kanga, na rangi ikatoka na kanga. Mwanamke akabaki kwenye nguo yangu kama uchafu. Nikakaa hapo sakafuni kwenye matope.

Mjukuu wangu Fausta ndiye anakaa na mimi. Msichana mzuri, kasoma mpaka kidato cha nne, mumewe yuko kazini Dodoma. Ana mimba ya kwanza, mwezi wa tisa huu, na miguu yake nimeitazama wiki mbili zote bila kusema. Akanikuta pale chini.

"Bibi, unalilia debe?"

"Lilikuwa la mama yangu."

"Si nitakutafutia picha yake kwenye simu. Zipo zote siku hizi. Niambie ilikuwaje."

Nikamwambia. Alikaa kwenye kigoda, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, anabonyeza. Haikuchukua hata muda wa kuchambua mchele. Akanigeuzia simu, na huyo hapo, na mlango wake, na mikuki yake, mpya, rangi zote, kama siku mjomba alipomleta. Nililia kwa furaha. Nikasema Mungu akubariki mjukuu wangu.

"Huyu ni malkia," Fausta akasema akisoma. "Wa Uingereza, zamani sana. Hapa ni ule mnara wao wa London, ukipitia mtoni. Eh, bibi. Unajua mume wake nani? Ni lile jimtu nene ulilosema, lenye ndevu nyekundu. Mfalme. Alioa wake sita."

"Ni mume wake?"

"Ndiyo. Alitaka mtoto wa kiume. Huyu akamzalia wa kike, halafu mimba zikawa zinaharibika. Akamchoka. Wakamsingizia mambo, wakamleta hapa kwa mashua, wakamkata kichwa."

Pande mbili za kopo, mume huku na mke huku, wamepeana migongo. Miaka yote nilidhani hawajuani.

"Hakurudi?" nikauliza.

"Atarudije, bibi, hana kichwa. Walimzika humohumo ndani." Akapeleka kidole kwenye kioo, akakuza pembeni. "Si huyu hapa mwenye shoka."

Nikamwangalia mwenye shoka. Kwenye simu alionekana vizuri kuliko kwenye kopo. Miguuni pake hapakuwa na kuni hata moja.

"Kwani wewe ulidhani nini?" Fausta akauliza.

"Nilidhani anakwenda kujifungua."

Alicheka, mwanangu yule. Alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika, akashika tumbo, akasema, "Bibi usinichekeshe, nitazaa hapahapa."

Sikumwambia lingine. Hajui habari ya mkeka, wala ya Mzee Matei, watoto wa sasa tuliwaambia tu kwamba bibi mzaa bibi alifariki kwa uzazi. Nimekaa siku nne nafikiri namna ya kumwambia mama. Nikisali, najikuta nimefika kwenye jina lake nanyamaza. Alikwenda kuonana na mwenzake, alisema mwenyewe kwa sauti, na mimi ndiye niliyemwonyesha njia, nikarukaruka juu ya dungu.

Daktari kamwambia Fausta asingoje uchungu, aende alazwe, damu yake imepanda. Kesho saa mbili asubuhi bajaji inakuja. Yeye haogopi, amepanga nguo za mtoto kwenye begi, anaimba. Mimi ndiye ninayeogopa, na kopo la kunishika mkono sina tena. Jana jioni aliniuliza kama nitamsindikiza. Nikasema nitakwenda. Akasema, "Basi uniambie maneno yako yale unayowaambia kina mama, Mama Kabula anasema ni mazuri sana."

Nikamwambia nimeyasahau. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikachukua shoka, nikapasua kuni za kumchemshia maji, nyingi kuliko zinazohitajika, mpaka giza likaingia na nikawa sioni ninachokata.